Sanamu za wanyama Lindi mjini: msanii apewe eneo la ufukweni au asipewe?

Mleta mada: Wakuu, hapa Lindi kuna kijana anaunda wanyama kwa nondo, wavu wa kuku na simenti, halafu watoto wa mtaa wanawapaka rangi. Simba mmoja na twiga wawili wameshasimama mbele ya kibanda cha chai. Sasa ameomba eneo la wazi karibu na bahari na manispaa imchangie simenti. Mimi namuunga mkono. Mtoto aliyempaka mnyama rangi kwa mikono yake hawezi kuja kumbomoa. Mnasemaje?

Chumvi: Simenti ipelekwe kwenye vyoo vya shule. Na twiga wa Lindi umemwona wapi? Twiga hata kule Selous havuki Rufiji kuja kusini. Huku ni kuiga Arusha tu.

Mleta mada: Kuiga Arusha? Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji wa wanyama, katoka wapi? Tunduru! Wanyama wanaouzwa kwa watalii nchi nzima wamechorwa kwa mkono wa kusini. Futa hilo neno.

Chumvi: Tunduru ni Ruvuma, mkuu. Na alichorea Dar.

Mikindani: Kama ni sanamu, njooni Mtwara kwa wachongaji. Simenti inapasuka, mpingo ni mgumu.

Mkorosho: Mpingo uuweke nje juani na chumvi ya bahari? Usiku wa kwanza umeibwa. Halafu nyie mnaopinga, jambo hili lina faida. Chicago waliweka sanamu za ng'ombe wa rangi barabarani, wao ndio walioanza, wakazinadi na pesa zikaenda kwenye misaada.

Mikindani: Walioanza ni Zürich, 1998. Chicago ni mwaka uliofuata.

Mama Rondo: Mnabishana miaka. Mimi naomba simba aondolewe. Kaka yangu alikuwa juu ya dungu analinda mtama, simba akamshusha usiku. Tulizika kilichobaki. Mwanawe anapita pale kila siku akienda shule.

Chumvi: Pole, lakini sanamu haing'ati, dada.

Mama Rondo: Wewe umewahi kulala kwenye dungu? Usiniite dada.

Mkorosho: Chumvi, omba radhi. Watafiti walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania kuanzia 1990 hadi miaka ya 2004 hivi, na Lindi ilikuwa katika walioumia zaidi. Nguruwe pori ndio chanzo: wanaingia mashambani, watu wanakesha kuwafukuza, simba wanawafuata nguruwe.

Chumvi: Mama Rondo, nisamehe. Sikufikiri. Ila bado nasema asijenge mnyama asiye wetu. Kama ni lazima, ajenge mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa hapa Lindi. Huyo hana mpinzani.

Mleta mada: Hapo umenena! Mita 13 na ushee kwenda juu, amesimama Berlin, sisi tunamwona kwenye picha.

Mikindani: Mkijenga wa simenti, Wajerumani watasema mmesharidhika. Arudi wa kweli kwanza.

Chumvi: Arudi akae wapi? Mifupa ile inataka jengo, mafundi, umeme usiokatika. Mtamuua mara ya pili.

Mikindani: Maneno hayo hayo wanayasema wao! Walimchukua wakati wa vita, tukiwa hatuna sauti.

Mkorosho: Si wakati wa vita. 1909 mpaka 1913, Maji Maji ikiwa imezimwa juzi tu. Na waliochimba ni watu wetu, msimamizi wao Boheti bin Amrani. Waliobeba mpaka bandarini Lindi ni watu wetu pia, kwa vichwa, siku kadhaa porini.

Mleta mada: Babu yake mama yangu alikuwa mmoja wao, ndivyo tulivyosimuliwa. Basi kijana asijenge mnyama. Ajenge msafara wa wachukuzi, mifupa vichwani, nyuso zitazame bahari.

Mikindani: Hilo naliunga mkono, nikiwa Mtwara.

Chumvi: Nani atalipia wachukuzi wote hao?

Mleta mada: Tutachanga. Mimi natoa mifuko miwili.

Mkorosho: Natoa mmoja, korosho zikilipwa.

Mama Rondo: Simba bado yupo mbele ya kibanda cha chai. Leo asubuhi nimepita pale na mtoto wa marehemu, amevuka barabara ili asimkaribie. Nimeomba tangu jana, hakuna aliyenijibu.