Uyoga wa njano wa msituni: nautambuaje?

mgeni_mafinga: Habari zenu wadau. Nimehamia Mafinga, mvua zimekolea, na akina mama wanauza barabarani uyoga wa njano wenye harufu tamu ya matunda. Nataka kuchuma mwenyewe. Nautambuaje, na unapikwaje?

binti_wa_miombo: Karibu, ndugu yangu. Uyoga huo unaishi na mizizi ya miyombo. Miti ikikatwa, nao unapotea. Ndiyo maana kila tanuri la mkaa linaniuma. Ugeuze uangalie chini ya kofia: hutaona vile vipande vyembamba kama kurasa, ni mikunjo butu inayoteremka mpaka kwenye shina. Usiutie mafuta mapema. Uweke kwenye sufuria kavu, utatoa maji mengi, yaache yakauke. Kisha kitunguu, nyanya, chumvi, mwisho karanga za kutwanga. Kwa ugali wa moto, nyama siitamani.

mzee_kichuguu: Mwanangu, wenye kikombe kwenye kitako cha shina uache kabisa, hata wenyeji wakiwa na aina yao wanayoila. Sumu ya baadhi yake haitoki kwa kuchemshwa. Tumbo linaweza kuanza kuuma baada ya saa 6 hadi 24, wakati ini linaharibika. Na kuliwa na wadudu si dalili ya usalama.

mgeni_mafinga: Shikamoo mzee, asanteni sana. Jumamosi naongozana na mama mwenye nyumba wangu, kazaliwa hukuhuku.

mzee_kichuguu: Marahaba. Beba kikapu, mfuko wa plastiki unauozesha.