Naomba ushauri: pikapu ya dizeli inasumbua kuwaka wakati wa baridi
Heshima kwenu, wakuu. Ninaishi Denver, Marekani, na pikapu yangu ya dizeli, ambayo hunibebea baiskeli za milimani hadi Fruita, mji ulio magharibi mwa jimbo la Colorado, husumbua kuwaka kila halijoto inaposhuka chini ya nyuzi sifuri: starta inazungusha injini vizuri, moshi mweupe mzito unatoka, kisha injini inatetemeka kwa muda kabla ya kutulia. Fundi anataka kubadilisha nozeli zote (zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini) kwa gharama kubwa, ilhali mimi nashuku hita plagi (plagi zinazopasha joto ndani ya injini ili iwake ikiwa baridi), kwa sababu injini ikishapata moto haisumbui tena. Barabara ya I-70 ninayotumia kwenda huko hupita handaki la Eisenhower, takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na sitaki kuzimikiwa na gari kwenye theluji nikiwa na watoto. Nipime nini kwanza kabla ya kukubali matengenezo hayo?