"Nimemwekea mtu!" Kumbe mtu mwenyewe fenesi

Assalamu alaykum wadau. Nimeshuka Mkoani, Pemba, sasa hivi, hata gari sijapata, nimekaa ukutani nje ya bandari naandika huku mikono inanitetemeka kwa hasira.

Yule bwana sina haja ya kumtaja, mnamjua. Kila msafiri wa boti ya Pemba anamjua. Kanzu imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate, miwani ya jua ndani ya chombo, simu mbili na zote zinalia. Pale Malindi, bandari ya Unguja, anapanda wa mwanzo kama boti kairithi kwa babu yake. Leo kajitandaza: kiti kimoja yeye, kiti kimoja begi lake, na kiti cha dirishani kakaa FENESI.

Fenesi, wallahi. Limetiwa kwenye polo, kikonyo kimechomoza nje, utomvu unachuruzika juu ya kiti, na harufu imeshafika Dar es Salaam.

Akaja dada mmoja na kichanga, sidhani kama arobaini imetimia. Viti vimejaa, na visivyo na watu vina mabegi. Akamuuliza kwa adabu zote, "Kaka yangu, hapa pana mtu?" Yule bwana hata uso hakuinua.

"Nimemwekea mtu."

Mie niko safu ya nyuma yake, mama yangu mgonjwa kanilalia begani. Nikasubiri huyo mtu. Nikasema labda mkewe kaenda msalani, labda mzee wake bado anapanda ngazi taratibu. Boti ikaondoka, tukaiacha Bububu, tukaiacha Tumbatu, mtu haji. Tukaingia mkondo wa Nungwi, na kusi la mwaka huu mnaliona wenyewe. Boti inapanda inashuka, watu wananyang'anyana mifuko ya kutapikia, na yule dada yuko chini, njiani, kaegemea ndoo ya mtu, mikono yote miwili kamkumbatia mtoto, hana hata mkono wa kujishikia. Fenesi liko dirishani linatazama bahari.

Nikamwita pale pale nilipo. "Ami, huyo mtu yuko wapi?"

Akalipapasa lile polo. "Si huyu hapa." Akacheka. Kacheka peke yake, boti nzima kimya!

Nimemwekea mtu! Mtu gani ana mbegu tumboni?

Aliyenyanyuka ni mtoto wa skuli, madaftari mkononi, uso umempauka kwa kichefuchefu. Kamwachia dada kiti chake akaenda kusimama mlangoni. Na bibi mmoja wa upande wa pili, hamjui huyu wala yule, akafungua pindo la kanga akatoa ndimu, akaipasua kwa meno. Nusu akampa dada anuse, nusu ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa yule kijana. Wale ndio watu. Yule mwengine mie sijui nimuite nani.

Tumefunga gati, kalipakata fenesi lake taratibu kuliko yule dada alivyompakata mwanawe. Nimemwekea mtu! Mungu anamuona.

Ndimu Kali: Pole sana. Huyo namjua! Iddi iliyopita kaweka mkoba, kofia na viatu kwenye viti vitatu, yeye mwenyewe kenda kulala juu, mahala pa kusalia.

Mtu wa Konde: Mie nauliza kimoja tu. Fenesi linatolewa Unguja kupelekwa PEMBA? Pemba ambako mafenesi yanaanguka yenyewe na kuozea njiani? Yakhe, huyo si mchoyo, huyo mgonjwa.

Pweza Mkavu: Na wewe mleta uzi, ulikuwa umekaa. Si ungempa dada kiti chako? Maneno mengi tu hapa.

Mleta uzi: Umesoma au umeruka? Mama yangu katoka hospitali, kanilalia begani, ningemlaza sakafuni? Kiti cha kuulizia ni kile cha fenesi. Kamwambia mzazi "nimemwekea mtu", ndipo pa kuzungumza hapo.

Pweza Mkavu: Sawa, pole ya mama. Lakini dada naye angelishusha tu lile fenesi akakaa.

Binti Gombani: Alishushe na mtoto kamshika kwa meno? Wanaume nyie.

Mtu wa Konde: Halafu mafenesi ya Unguja yenyewe rojo. Unatia kidole kinazama.

Mswahili wa Mwera: Usitukane mafenesi ya watu. Rojo ndilo lenye sukari. Lenu la Pemba gumu, mtu anatafuna mpaka taya zinauma.

Mtu wa Konde: Gumu ndilo fenesi! Hilo jengine uji.

Mzee wa Gati: Mnacheka, ila mie mkondo ule siutaji nikacheka. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama huko ikielekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi. Wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao kwenda kuokoa watu wasiowajua hata jina. Hakuna aliyeuliza huyu wa Wete au wa Makunduchi, aliyefikiwa kavutwa. Leo mzazi ananyimwa kiti kwa ajili ya tunda.

Mleta uzi: Allah awarehemu. Hilo ndilo linaloniumiza. Na kacheka, mzee wangu. Kacheka.

Binti Gombani: Wa kwenu afadhali, fenesi halikuwa na haraka. Hebu nikupeni wa kwetu. Msimu wa karafuu, bi mkubwa mmoja kaanika majamvi yake kando ya barabara, mara wingu limefunga. Gari nzima tukashuka kumuanulia, dereva na utingo wake, abiria, hata mzungu mmoja na begi lake mgongoni, tunazoa kwa mikono. Mtu mmoja kabaki garini. Mnadhani anafanya nini? Anatupiga video! Na mvua ilipoanza akapiga kelele tufanye haraka, anachelewa.

Ndimu Kali: Ungemfunika kwa jamvi.

Mswahili wa Mwera: Video ipo wapi? Naulizia tu.

Pweza Mkavu: Na wale wanaopitisha gari juu ya karafuu za watu mchana kweupe, hao mbona hamuwasemi?

Binti Gombani: Hao wanataka uzi wao peke yao.

Mtu wa Konde: Karafuu zenyewe ziliokoka?

Binti Gombani: Jamvi moja lilirowa. Zikirowa zinaumuka, rangi inakufa, na daraja linashuka. Bi mkubwa kasema alhamdulillahi, akatugaia madafu.

Ndimu Kali: Huyo wa video alipewa?

Binti Gombani: Alikunywa mawili.