Naomba ushauri: paka na mti wa Krismasi
Wakuu, habari za majukumu. Nina paka wawili wa ndani, na mti wa Krismasi nimeshaupamba sebuleni. Mkubwa hana neno, analala tu chini yake. Huyu mdogo ndiye mtihani: anapanda hadi katikati, anadondosha mapambo, na juzi nimemkuta anatafuna zile nyuzi za kung'aa. Nimeziondoa zote, maana paka akizimeza zinaweza kumziba au hata kumkata utumbo. Mti nimeufunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Maganda ya machungwa wanasema paka hawapendi harufu yake, wangu anayachezea! Sasa kaanza kung'ata waya wa taa. Wenye uzoefu, waya mnaulindaje? Kumfungia chumbani sitaki, analia usiku kucha.