Harusi ya Zawadi: Mashangazi na Mjomba Mmoja

Zawadi: Shikamooni wote. Gauni limeingia na basi la leo kutoka Dar. Nimelijaribu, limenikaa. Kasheshe ni shela. Hizi hapa mbili, refu la lesi na fupi la neti tupu. [picha 2]

Mama Mkubwa Newala: Marahaba mwanangu. Refu! Ndilo nililokununulia. Mjadala wa nini tena?

Mjomba Saidi: Kwani shela si ndo gauni lenyewe? Mbona tulishachangia?

Shangazi Asha: 😂😂 Kaka, watu huita vyote shela. Hapa tunazungumzia la kichwani. Halafu "tulishachangia" wewe na nani? Daftari ninalo mimi.

Mjomba Saidi: Nasoma tu jamani.

Mama Tumaini Fundi: Zawadi, geuka tuone mgongo.

Zawadi: [picha]

Mama Tumaini Fundi: Eheee. Gauni hili kazi yake yote iko nyuma. Mawe toka mabegani mpaka kiunoni, mbele kitambaa kitupu. Sasa kanisani watu wanakutazama mgongo misa nzima. Ukiufunika na lesi nzito wataona maua ya lesi, mawe uliyoyakodi yamelala ndani. Tena lesi na mawe ni maadui. Ukigeuza shingo tu, ua linanasa kwenye jiwe, krrr. Jiwe likidondoka mwenye gauni atawadai ninyi.

Mama Mkubwa Newala: Kwa hiyo hela yangu nimetupa baharini.

Mama Tumaini Fundi: Hapana dada yangu. Lesi yako nzuri, ila inataka gauni lililonyamaza. Hili linaongea.

Shangazi Asha: Na mbona gauni naliona kama maziwa, lesi nyeupe pee?

Zawadi: Labda taa ya sebuleni shangazi.

Mama Tumaini Fundi: Taa zinadanganya. Kesho asubuhi jua likishatoka, peleka vyote barazani, uviweke kimoja juu ya kingine. Krimu ikikaa na nyeupe pee huonekana kama imefuliwa na maji ya chumvi.

Dada Neema: Na picha si mnapigia Mikindani? Agosti hii, kusi yote ile? Mita tatu za lesi zitaokotwa Msumbiji 😂

Mjomba Saidi: Kusi inatoka huko Msumbiji. Zitaokotwa Kilwa.

Shangazi Asha: Haya, mvuvi kaongea.

Mama Mkubwa Newala: Princess Diana wa Uingereza mwaka 1981 aliburuza mkia wa gauni zaidi ya mita 7, hakuna aliyemsumbua na habari za upepo.

Dada Neema: Mama Mkubwa, yule alikuwa na watoto wa kumbebea mkia na gari la farasi. Zawadi ana matroni mmoja, naye ni mimi, na nina kiatu kirefu.

Bibi Mikindani: [ujumbe wa sauti 0:38]

Shangazi Asha: Kwa wasio na bando: Bibi anasema yeye alifunikwa doti ya kanga, hakuona mtu wala mtu hakumwona, na ndoa ilidumu. Anauliza hilo la neti linaficha nini.

Zawadi: 🙈 Shikamoo Bibi.

*Jumamosi*

Zawadi: [picha] Barazani, saa tatu.

Mama Mkubwa Newala: Mmh.

Shangazi Asha: Mmh kweli. Fupi ndo rangi moja na gauni.

Mama Tumaini Fundi: Hilo hilo. Linaishia kwenye ncha za vidole, na neti inaonyesha, mawe yatawaka chini yake. Kichana kichomeke chini ya mbano, si juu, nywele zionekane. Ila rasta zinateleza, kichana peke yake hakishiki. Niletee nikishonee vitanzi viwili vya uzi, pini zipite humo. Na msipige pasi ya moto! Neti ya nailoni inayeyuka kama mfuko wa sukari. Ining'inizwe tu, mikunjo iliyobaki niachieni.

Zawadi: Na cha kufunika uso? Baba anataka bwana harusi afunue.

Mama Tumaini Fundi: Nitaongeza kipande chepesi cha mbele. Akishafunua kinarudi nyuma, ukumbini mnakichomoa kabisa. Kucheza na neti usoni si kazi ndogo.

Zawadi: Mama Mkubwa, umenuna?

Mama Mkubwa Newala: Sijanuna. Lesi yangu irudi Newala na basi la Jumatatu, ikunjwe kwenye shuka, si kwenye rambo. Yule binti wa Nachingwea anaolewa Desemba korosho zikishalipwa, na gauni lake jeupe halina hata jiwe moja.

Mjomba Saidi: Desemba kuna mchango mwingine?

Shangazi Asha: Kaka, huu wa kwanza bado.