Naomba ushauri: nyumba isiyochemka, Kigamboni

Habari zenu wakuu. Nina kiwanja Kigamboni, mita 20 kwa 30, nataka kuanza msingi kabla ya masika. Lengo langu ni watoto walale bila AC. Hapa tunapopanga, umeme wa LUKU unaishia kupoza chumba kimoja tu, na ukuta wake wa magharibi ukiugusa saa nne usiku bado una moto.

Fundi anasisitiza nyumba itazame barabara, yaani magharibi. Mimi naona urefu wake ulale mashariki-magharibi, madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini ili tupate upepo wa kaskazi Desemba hadi Machi, kisha kusi. Jua la jioni likutane na stoo na choo, si vyumba vya kulala. Mnaonaje?

Paa ndilo linaloniumiza kichwa. Mama watoto anapenda bati la rangi ya mkaa kama la majirani. Mimi nataka jeupe, maana linarudisha jua. Kuna aliyeishi chini ya yote mawili hapa Dar? Na nikiacha matundu ya hewa juu ya dari ya jipsamu, nikayaziba kwa wavu popo wasiingie, joto litatoka kweli au bado nitahitaji kitu cha kulizuia chini ya bati?

Halafu paa litokeze kiasi gani nje ya ukuta? Fundi anasema futi mbili, mimi naona hazitoshi kukinga madirisha. Mliojenga pwani, naomba mnitajie na gharama.