Re: Meli ya Galveston: gari tutaliacha wapi, na mama atakula nini?

Kutoka: Dada wa Fort Worth

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu hamjambo?

Mwezi wa kumi na mbili baba na mama wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Sisi watoto tumechangishana tukawakatia tiketi za meli ya utalii, siku 5 kutoka bandari ya Galveston, Texas, kwenda Cozumel na Progreso huko Meksiko, na sote tunawasindikiza. Tuko watu 9, mdogo kabisa ana miaka 3. Uzoefu wetu wa meli unaishia kwenye boti ya Dar kwenda Unguja, kwa hiyo naomba msaada. Gari tunaliacha wapi siku zote hizo? Tufike saa ngapi? Mama ana sukari, na hagusi nyama asiyojua imechinjwaje. Atakula nini? Baba ni raia wa Marekani, mama ana kadi ya kijani (ya ukaaji wa kudumu). Kaka yangu bado anasubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi, naye tumemkatia tiketi.

Nisaidieni jamani, safari nzima iko mabegani mwangu.

Kutoka: Mama wa Katy

Marahaba mwanangu, na hongera nyingi kwa wazazi. Gari na chakula tutavifikia. Naanza na kaka yako, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri: asipande hiyo meli.

Watu wengi hudhani meli ikiondoka Texas na kurudi Texas basi hukutoka Marekani. Umetoka. Meli hizi kubwa karibu zote zimesajiliwa nje, nyingi Bahamas na Panama, na ipo sheria ya Marekani tangu mwaka 1886 inayozuia meli ya bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani peke yake. Ndiyo maana kila safari ya Galveston lazima iguse Meksiko, Honduras, Jamaika au kwingineko. Kaka yako hata akijifungia chumbani siku zote 5 bila kukanyaga Cozumel, atakuwa ametoka nchini. Na mwenye ombi la hifadhi akitoka bila ile ruhusa inayoombwa mapema kwa fomu I-131, anahesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Hata mwenye ruhusa hiyo mkononi hana uhakika wa kuruhusiwa kuingia tena. Aongee na mwanasheria wake, asisikilize mtu wa kwenye simu anayeuza tiketi. Na mfanye haraka: malipo ya mwisho huwa kati ya siku 75 na 90 kabla ya safari, na baada ya hapo ukifuta wanakukata, tena makato yanapanda kadiri siku zinavyokaribia.

Mama yako: pasipoti yake isiyoisha muda, pamoja na kadi ya kijani yenyewe. Mwenye kadi ya kijani haombi viza ya Meksiko. Nasema kadi yenyewe kwa sababu ya yaliyotupata. Shemeji yangu alifika nasi mezani pale Galveston, mabegi tumeshayakabidhi, binti yake ameshavaa miwani ya jua. Akaulizwa kadi. Akafungua pochi, akapapasa mfuko wa shati, akafungua pochi tena. Kadi ilikuwa kwenye droo ya kitanda, nyumbani kule mjini Katy. Alikuwa na picha yake kwenye simu, safi kabisa, herufi zote zinasomeka. Yule mhudumu aliitazama ile picha kwa huruma akatikisa kichwa. Kwenda Katy na kurudi ni zaidi ya saa mbili na nusu barabara ikiwa nyeupe, na mlango ulikuwa unafungwa baada ya saa moja na nusu. Sisi tuliondoka. Yeye na binti yake walibaki wamesimama pembeni ya meza, na mabegi yao yalikwenda Meksiko bila wao.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari, keti na familia mezani, kila mtu aweke karatasi zake mbele yako, uzishike kwa mkono. Raia anaweza kupanda safari ya kwenda na kurudi kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha, na mtoto wa chini ya miaka 16 cheti cha kuzaliwa kinamtosha. Lakini mwenye pasipoti aibebe. Mtu akiugua Cozumel au akiachwa na meli, atarudi kwa ndege, na ndege inataka pasipoti. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, bebeni barua ya mzazi wa pili iliyothibitishwa na mthibitishaji. Na kama kuna mjamzito kati yenu, meli hazimpokei atakayekuwa amefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha.

Bima pia. Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, kwa kawaida hailipi matibabu ya melini meli ikiwa mbali na bandari za Marekani, na daktari wa meli anaandika kila kitu kwenye akaunti ya chumba chako. Kwa mzee mwenye sukari mimi nisingesafiri bila bima ya safari.

Kutoka: Kaka wa Houston

Habari zenu. Mimi ni dereva, watu wa meli nawapeleka Galveston karibu kila wikendi, niseme ya barabarani.

Kosa ninaloliona zaidi ni abiria kuniambia “nipeleke bandarini” basi. Galveston ina zaidi ya jengo moja la kupandia. La gati 10 liko mbali na yale ya gati 25 na 28, na siku ya meli tatu barabara ya Harborside Drive haisogei. Angalia kwenye tiketi namba ya gati lako, umpe dereva.

Mkienda na gari lenu, maegesho yalipieni mtandaoni mapema. Ya bandari yenyewe yana basi la kuwaleta hadi mlangoni. Ya watu binafsi mara nyingi ni nafuu kidogo, nayo yana basi, ila soma kama wanahesabu siku ya kuondoka na ya kurudi zote mbili. Ukifika, usianze na maegesho. Simama kwanza mlangoni, shusha wazee, mtoto na mabegi makubwa kwa wapagazi, halafu dereva peke yake aende kuegesha. Kuburuta mabegi ya watu 9 ndani ya basi ni adhabu.

Kutoka Fort Worth ni kama saa tano za kuendesha, na foleni ya Houston katikati inaweza kukuongezea saa nyingine. Msitoke asubuhi ya siku ile. Laleni Houston au Galveston. Zipo hoteli kule zinazouza usiku mmoja pamoja na kuacha gari siku zote za safari na kupelekwa gatini. Piga hesabu, kwa familia kubwa wakati mwingine inalipa.

Jambo la mwisho ni ukungu. Desemba hadi Machi ukungu hufunga mkondo wa meli pale Galveston. Meli inaweza kusimama nje saa nyingi ikisubiri kuingia, na wanaosubiri kupanda nao wanakaa. Siku ya kurudi usipange kazi ya jioni wala ndege ya mchana. Kwa ndugu wa majimbo mengine watakaosoma hapa: uwanja wa ndege wa Hobby, Houston, uko karibu na Galveston kuliko ule mkubwa wa kaskazini, na ndege mfike nayo siku moja kabla.

Kutoka: Bi wa Mombasa, Columbus

Salaam aleikum nyote. Mwanangu, mimi nimepanda mara tatu na nina sukari, kwa hiyo ya mama yako nayajua.

Kuhusu nyama, uliza kampuni kwa maandishi sasa hivi, usingoje kufika. Wengine watakwambia hawana halali, wengine wataangalia wanachoweza kama umewapa muda. Wakikosa, mama hatalala njaa. Samaki wapo kila siku, mayai, kunde, wali, mboga na matunda. Angalizo langu ni mchuzi: mwingi unapikwa kwa mvinyo, na supu huanza na maji ya nyama. Aulize kila sahani.

Chagueni chumba kikuu cha chakula chenye saa maalumu, zamu ya mwanzo, kama saa kumi na mbili jioni. Zamu ya pili ni saa mbili usiku na kupita. Mwenye sindano ya sukari hawezi kungoja hivyo, na mtoto wa miaka 3 atalala mezani. Uzuri wa zamu maalumu ni kwamba meza ni ileile na wahudumu ni walewale. Siku ya kwanza nilimweleza mkuu wa wahudumu hali yangu. Kuanzia hapo kila jioni, nikimaliza kula, alikuwa ananiletea orodha ya chakula ya kesho yake. Nachagua samaki, namwambia bila mvinyo, bila sukari, anaandika kwenye kijitabu. Kesho yake sahani yangu inakuja imefunikwa peke yake. Hiyo nimelipiwa ndani ya nauli, si mgahawa wa kulipia. Migahawa ya kulipia ipo, lakini kwa siku 5 hamuihitaji, labda usiku mmoja wa wazazi wenu wawili peke yao.

Dawa na sindano zikae kwenye begi la mkononi. Begi kubwa linaweza kufika chumbani usiku. Omba chombo cha kutupia sindano, na uliza kuhusu friji, maana ile ya chumbani inapooza tu, haigandishi. Chakula cha kupika nyumbani hakipandi, ila pilipili ya chupa iliyofungwa kiwandani mimi sijawahi kunyang’anywa. Pasi, birika la umeme na waya wa kuongezea umeme acheni nyumbani.

Mtoto, kama bado anavaa nepi, haruhusiwi mabwawa makubwa. Mwambieni mapema asije akalia.

Bakshishi hukatwa kwa kila mtu kila siku, kati ya dola 16 na 20, na mtoto yumo. Kwa watu 9 ni fedha, iwekeni kwenye hesabu leo. Intaneti nayo ni ghali. Simu ziwekwe hali ya ndege tangu gatini, mtandao wa simu wa baharini una bili za kutisha.

Kutoka: Mama wa Katy

Nimekumbuka saa. Desemba Cozumel iko saa moja mbele ya Texas, Progreso ziko sawa. Simu itabadilika yenyewe, meli inaweza isibadilike. Baba avae saa ya mkono, aiweke saa ya meli, nyote mmfuate yeye. Progreso gati lake ni refu ajabu, kilomita sita na zaidi ndani ya bahari, basi la bure ndilo linawafikisha mjini. Msilikose la kurudi.

Kutoka: Dada wa Fort Worth

Sijui niwashukuruje. Tumekaa jana usiku, tumezungumza na mwanasheria, kaka hapandi. Tiketi yake tumewahi kuifuta. Aliumia, lakini ni yeye aliyesema atatuendesha hadi gatini na kuja kutuchukua, kwa hiyo habari ya maegesho imeisha. Siku ya kurudi amesema atapika pilau usiku kucha aje nayo, tule wote ufukweni Galveston.

Mama anauliza: yale mabasi ya Progreso yanapandika kwa mtu mwenye goti bovu?

Kutoka: Bi wa Mombasa, Columbus

Nilipokwenda lilikuwa na ngazi. Amshike baba mkono, ashuke wa mwisho, hakuna anayemkimbiza. Na mpeni pole kaka.